Vipuri vidogo vya injini: jinsi ya kuamua kipi kinaweza kuachwa na kipi hakiachwi

Kipuri cha injini kinaweza kuachwa pale tu ambapo kazi yake inajulikana, na kazi hiyo ama haihitajiki tena ama inafanywa na kitu kingine kilichopo. Udogo wake hauingii katika uamuzi huu, wala bei yake, wala hoja inayosikika mara nyingi gerejini kwamba injini imewaka bila hicho kipuri na kwa hiyo hakikuwa na maana. Injini nyingi huwaka vizuri siku ya kwanza zikiwa na upungufu ambao hujitokeza baada ya kilomita mia kadhaa, wakati fundi amekwisha kulipwa na mwenye chombo yuko mbali na gereji.

Mwongozo huu unahusu injini tunazozifungua kila siku Afrika Mashariki, yaani pikipiki za silinda moja zinazofanya kazi ya bodaboda, magari madogo ya petroli yaliyoletwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na injini za dizeli za silinda moja zinazoendesha mashine za kusaga. Kanuni ni zile zile kwa injini nyingine, lakini mifano nitaitoa humo.

Anza kwa kuuliza kipuri kinafanya kazi gani

Vipuri vidogo vingi havibebi nguvu yoyote kubwa, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kazi yao ni kuweka kitu mahali pake, kukizuia kisitoke, kuziba njia ya oili, maji au hewa, au kushika nafasi ya unene fulani kati ya vitu viwili. Ukikiokota kipande usichokifahamu, jiulize kwanza kiko katika kundi lipi kati ya haya.

Chukua pini za mwongozo, zile pini fupi zenye tundu katikati zinazokaa kati ya bloku na silinda, na kati ya silinda na hedi, yaani kile kichwa kinachoifunika silinda kwa juu. Fundi akiikosa moja, hedi itakaa tu na bolti zitabanika, kwa sababu matundu ya bolti huachwa na uwazi kidogo kuzunguka bolti yenyewe. Uwazi huo mdogo ndio unaoiruhusu hedi kukaa upande, gasketi ikakaa nusu mahali pake, na njia ya oili ya kwenda juu ikapungua upana. Tena katika pikipiki nyingi pini moja kati ya hizo huzungukwa na oringi, yaani pete nyembamba ya mpira, kwa sababu oili ya kulainisha kamshafti, ule mtaimbo unaofungua valvu, hupita hapo hapo. Ukiacha oringi ile, oili huvuja kabla ya kufika juu, na miezi michache baadaye mteja anarudi na kamshafti iliyolika akilalamika kwamba spea za siku hizi ni mbovu.

Kii ya flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki), kile kipande chenye umbo la nusu mwezi, nayo huonewa kwa namna hiyo hiyo. Ni kweli kwamba flaiwili hushikwa na ule mchongoko wa krenki, yaani mtaimbo unaozungushwa na pistoni, pamoja na nati iliyobanwa vizuri, na kwamba kii haibebi mzigo mkubwa. Kazi yake ni kuonyesha mahali. Bila hiyo, sumaku ya flaiwili hukaa popote ilipobanwa, cheche hutoka mapema au kwa kuchelewa, na injini ama hukataa kuwaka ama hurusha kiki nyuma kwa nguvu ya kuweza kuumiza mguu. Kii iliyokatwa hubadilishwa kwa kii ya aina ile ile, wala haichongwi kutoka kwenye msumari, kwa sababu msumari mgumu huharibu mfereji wa krenki, na krenki ni ghali.

Kundi la kuzuia kitu kisitoke ndilo ambalo halina mjadala kabisa. Klipu mbili za pini ya pistoni ni waya tu zilizokunjwa, lakini zisipokuwepo, pini husogea kidogo kidogo kila pistoni inapopanda na kushuka mpaka inagusa ukuta wa silinda na kuuchimba mfereji kutoka juu hadi chini. Hapo hakuna ringi mpya itakayosaidia. Klipu iliyokwisha kutolewa imekwisha kukunjwa na imepoteza ubano wake, kwa hiyo weka mpya kila unapofungua, na uhakikishe mdomo wake haukutani na kile kijitundu cha kuingizia bisibisi kwenye pistoni. Kabla ya kuigusa, ziba mdomo wa bloku kwa kitambaa safi, kwa sababu klipu inayoruka na kuangukia ndani humlazimu fundi kuifungua injini yote. Kotapini, bamba za kukunja zinazofunga nati, na vile vikabari viwili vidogo vinavyoshika valvu kwenye springi yake vyote viko katika kundi hili, na hukumu yao ni moja.

Vizibo hukubali mbadala kidogo zaidi. Washa ya shaba, yaani kipete bapa kinachokaa chini ya bolti, ya bolti ya kumwagia oili inaweza kutumika tena ikichomwa mpaka iwe nyekundu kisha ikapozwa, kwa sababu shaba iliyobanwa hugumu na moto huirudishia ulaini. Washa ya alumini haitendewi hivyo, bali hubadilishwa. Katika injini nyingi za silinda moja utakuta nati za hedi hazifanani: baadhi zimefungwa juu kama kofia, na walau moja ina washa ya shaba badala ya washa ya chuma, kwa kuwa oili hupanda kando ya bolti hiyo. Ukizichanganya, oili itatokeza juu ya hedi na utabadilisha gasketi isiyo na kosa. Oili sili za valvu zikiachwa, pikipiki itatoa moshi wa buluu kila asubuhi inapowashwa baada ya kulala.

Lililo hatari kuliko yote, kwa sababu halionekani kwa macho, ni suala la unene. Gasketi ya chini ya silinda hufanya kazi mbili: inaziba oili, na inaiinua silinda kwa kipimo maalumu. Fundi anayeiacha na kupaka silikoni amefanya kazi ya kwanza na kuiacha ya pili. Silinda hushuka, pistoni hukaribia valvu, na mgandamizo huongezeka. Kwenye dizeli za mashine za kusaga, kama zile za aina ya S195 zinazotoka China, kuna vibamba vyembamba sana kati ya pampu ya dizeli na mahali inapofungwa. Vibamba hivyo ndivyo vinavyopanga wakati wa kupuliza mafuta. Ukikitoa kimoja, mafuta huingia mapema, ukikiongeza, huchelewa. Mwenye mashine ataona moshi mweusi, au atasikia mgongano mkali, na hakuna atakayekumbuka kipande cha bati kilichofagiliwa pamoja na vumbi. Washa ya shaba iliyo chini ya nozeli ina tabia hiyo pia, kwa maana unene wake huamua ncha ya nozeli itatokeza kiasi gani ndani ya chumba cha moto, kwa hiyo usiiache na usiweke mbili.

Springi ya gavana ya injini hizo, yaani ya kile kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, naitaja peke yake. Injini ya dizeli isiyo na gavana inayofanya kazi inaweza kukimbia bila kizuizi mpaka ivunjike, na watu wakiwa wamesimama karibu. Usiiwashe kwa majaribio bila springi hiyo na viungo vyake vyote, hata kwa dakika moja.

Themostati, kipuri kinachoachwa kuliko vyote

Hakuna kipuri kilichotupwa na mafundi wetu kama themostati, ile valvu inayofunguka kwa joto na kuyaruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta kupozwa, na naandika kwa urefu hapa kwa sababu naamini kwa dhati kwamba desturi hii imeua injini nyingi ambazo zingeishi. Hoja ya kuitoa ni kwamba kifaa hiki ni cha nchi za baridi, na kwamba hapa kwetu hakuna haja ya kuipasha injini joto. Hoja hiyo inachanganya joto la nje na joto la injini. Hata Dar es Salaam au Mombasa, hewa ya mchana wa jua kali ikifika nyuzi 33, bado iko mbali sana na joto ambalo injini ilisanifiwa kufanyia kazi. Themostati za injini nyingi za petroli za Toyota huanza kufunguka katika nyuzi 80 na kitu, na huwa zimefunguka kabisa zinapokaribia nyuzi 95. Chini ya hapo oili ni nzito mno, mvuke unaoingia kwenye sampo, yaani bakuli la oili la chini ya injini, haukauki, na tope jeusi hujijenga chini ya kifuniko cha hedi.

Gari lenye mfumo wa petroli wa kielektroniki huathirika zaidi. Sensa ya joto huiambia kompyuta kwamba injini bado ni ya baridi, nayo huendelea kuongeza petroli kama ilivyofanya alfajiri. Petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda, na mwenye gari hushangaa kwa nini tangi haikai. Magari mengi ya gia za otomatiki hayaruhusu gia ya juu kabisa mpaka maji yapate joto, kwa hiyo barabara kuu injini huzunguka kwa kasi isiyo ya lazima.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuiondoa themostati kunaweza kuleta lile lile lililokuwa likikimbiwa, yaani injini kuchemka. Injini nyingi za Toyota zina njia ya pembeni inayoyarudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta wakati injini ikiwa ya baridi. Themostati ina kisahani cha pili chini yake, na inapofunguka, kisahani hicho huiziba njia ile ya pembeni ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya pembeni hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huendelea kuzunguka bila kupozwa. Mjini dereva hatahisi chochote, ataona hata sindano ya joto iko chini na kumsifu fundi. Akianza kupandisha mlima Kitonga akiwa na abiria na mizigo, maji yanayokwepa rejeta ndiyo yatakayomchemshia injini.

Kwa hiyo gari linapochemsha, ipime themostati kabla ya kuihukumu. Itumbukize kwenye sufuria ya maji ikiwa imening'inizwa kwa uzi isiguse chini, weka kipima joto pembeni, kisha pasha taratibu uone inaanza kufunguka lini, ukilinganisha na namba iliyogongwa kwenye bamba lake. Walio Nairobi au Mbeya wakumbuke kwamba kwa sababu ya mwinuko wa miji hiyo maji kwenye sufuria iliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo themostati nzima inaweza isifunguke mpaka mwisho wake kwenye jaribio hilo, na hilo si kosa lake. Ikianza kufunguka mahali pake, tafuta tatizo kwingine: rejeta iliyozibwa na chumvi ya maji ya kisima, feni isiyozunguka, pampu iliyolika mabawa, au mpira wa kifuniko cha rejeta uliokatika. Mpira huo nao ni kipuri kidogo kinachodharauliwa. Kifuniko chenye alama ya 0.9, ambayo ni kipimo cha shinikizo, huyawezesha maji, ukiwa pwani, kufika karibu nyuzi 118 bila kuchemka, na mpira ukikatika faida hiyo yote hupotea.

Kuna hali moja tu ambayo naikubali. Uko njiani, mbali na duka la spea, themostati imekwama ikiwa imefungwa, na dalili yake ni hosi ya juu ya rejeta kuwa ya moto sana huku ya chini ikibaki ya baridi. Subiri injini ipoe kabisa, kwa kuwa kifuniko kikifunguliwa kikiwa na moto humwunguza mtu vibaya. Itoe, ziba kiungo kwa silikoni maana mpira wake hautakaza vizuri bila ukingo wa themostati, jaza maji, kisha endesha polepole macho yakiwa kwenye sindano mpaka mji wa karibu. Ukifika, nunua mpya na uiweke siku hiyo hiyo, kile kivalvu kidogo cha kupitishia hewa kikiwa upande wa juu.

Vinavyoweza kuachwa bila hofu

Vipo, na fundi mwangalifu hapaswi kuogopa kila kipande kinachobaki. Seti ya gasketi za ovahoo mara nyingi hutengenezwa kwa ajili ya matoleo kadhaa ya injini moja, kwa hiyo kubakiwa na oringi mbili au gasketi moja ya karatasi ni jambo la kawaida, mradi umezilinganisha na zile za zamani ulizozitoa na kuona kwamba hakuna pengo. Vifuniko vya plastiki vinavyoziba midomo ya nozeli mpya au pampu mpya ni vya kusafirishia, navyo lazima vitolewe. Kifuniko cha plastiki cha juu ya injini ya gari kwa kawaida ni cha kupunguza sauti na kupendezesha, ila uangalie kwanza, kwa sababu katika baadhi ya magari madogo kifuniko hicho ndicho nyumba ya chujio la hewa. Kompresa ya eyakondishena iliyokufa inaweza kukaa bila mkanda wake, ikiwa mkanda huo hauendeshi kitu kingine.

Bati la kukinga joto la eksozi halimo katika orodha hii, ingawa hupiga kelele na huonekana kama takataka. Nyaya na mipira iliyo nyuma yake huungua. Chujio la hewa halimo pia, hata kama pikipiki inavuta vizuri zaidi bila hilo, kwa kuwa vumbi jekundu la barabara zetu likiingia ndani husaga ringi na silinda kwa muda mfupi.

Kabla ya kufungua

Uamuzi wa nini kirudi hufanywa wakati wa kufungua. Piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kulegeza kitu, hasa upande wa cheni ya taimingi na nyaya. Kwa kifuniko chenye bolti za urefu tofauti, chora umbo lake kwenye boksi la karatasi, toboa matundu, na uchomeke kila bolti mahali pake, kwa sababu bolti ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi hupasua alumini. Vipande vya kila sehemu viwekwe kwenye kopo lake pamoja na washa zake zikiwa zimefungwa kwa waya katika mpangilio ule ule zilivyotoka.

Tafuta mchoro wa vipuri wa injini hiyo, ambao kwa magari hupatikana kwa kutumia namba ya chesisi, na uhesabu humo ni pini ngapi, oringi ngapi na washa ngapi zinapaswa kuwepo. Hesabu hiyo ni muhimu zaidi kwa injini iliyokwisha kufunguliwa na mtu mwingine kabla yako, kwa kuwa ulichokikuta ndani si lazima kiwe kilichotoka kiwandani. Kisha nunua mapema vile visivyotumika mara ya pili: klipu za pistoni, gasketi, oili sili na oringi. Mafundi wengi hawaachi spea kwa uvivu, huziacha kwa sababu ni saa kumi na mbili jioni, duka limefungwa, na mteja wa bodaboda anahitaji pikipiki alfajiri. Gasketi ya karatasi inaweza kukatwa kwa mkono kutoka karatasi ya gasketi, ilimradi unene umepimwa na ni ule ule. Klipu haikunjwi kutoka kwenye waya wa kufungia.

Mwenye chombo naye ana sehemu yake. Dai urudishiwe spea za zamani zote, pamoja na vipande vidogo, na ukiambiwa kitu fulani kimeachwa, muulize fundi kwa heshima kilikuwa kikifanya kazi gani. Fundi anayejua atakueleza kwa sentensi mbili.

Kipande kikibaki

Usiwashe injini. Kisafishe kipande hicho kwa petroli na ukitazame kwenye mwanga: upande uliong'aa unaonyesha kilipokuwa kikisuguliwa, alama ya duara inaonyesha kilipobanwa, na kutu au masizi huonyesha kama kilikaa mahali penye maji, oili au moto. Linganisha kipenyo chake na bolti na matundu ya sehemu ulizozifungua. Rudi kwenye picha zako, kisha kwenye mchoro. Ukikosa jibu, uliza fundi mwingine aliyewahi kuifungua injini ya aina hiyo. Ukikosa tena, fungua upya ukianzia sehemu uliyoifunga mwisho, na kama gasketi imekwisha kubanwa, hesabu gharama ya gasketi nyingine kuwa sehemu ya kazi.

Ukisharidhika kwamba kila kitu kiko mahali pake, toa plagi na uizungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, kwa sababu katika injini ya viharusi vinne kamshafti huzunguka mara moja katika mizunguko hiyo, na kama pistoni inagusa valvu utaihisi ikikwama kabla haijavunja kitu. Ikikwama usilazimishe. Ikizunguka kwa wepesi, piga stata au kiki mara kadhaa plagi ikiwa bado nje ili oili ipande, na kwa gari endelea kidogo kidogo mpaka taa ya oili izime. Kwenye pikipiki isiyo na taa hiyo, washa kwa mwendo wa taratibu kifuniko kidogo cha tapeti kikiwa wazi, uone oili ikifika juu. Isipofika ndani ya muda mfupi, zima mara moja na urudi kuitafuta ile oringi ya pini ya mwongozo. Injini ikishapata joto lake la kazi, izime, iache ipoe kabisa, kisha pima tena oili na maji na upapase kila kiungo kwa kidole kikavu kabla ya kumkabidhi mwenyewe.